Salfa na Bangili za Fedha

Treni ya asubuhi ilikuwa haijashika kasi, mzee mgane akasikia harufu ya yai viza. Mbele yake msichana alikuwa anajipaka krimu ya chunusi, yenye salfa.

“Mwanangu, salfa si ungepaka nyumbani?” aliuliza mama aliyeketi kando yake, kaziba pua.

“Nimechelewa kuamka, mama. Na bosi kashasema nichague, krimu au kazi. Nauza bangili za fedha, eti nikizishika kwa mikono yenye salfa zinageuka nyeusi.”

“Vaa glavu basi.”

“Nimenunua. Kasema zinatisha wateja.”

“Basi acha hiyo krimu! Kazi haiokotwi.”

“Niache leo, wiki ya tatu, chunusi zimeanza kukauka? Kabla ya hii krimu, mwaka mzima alinificha stoo kwa sababu ya huu uso!”

Mzee aliguna. Ndio wakubwa hao: ukiugua kosa, ukijitibu kosa. Marehemu mkewe aliacha dawa kwa kumwogopa bosi wake, na bosi mwenyewe hata mazikoni hakutia mguu.

“Akikufukuza je?” aliuliza yule mama.

“Bangili zikisuguliwa zinang’aa, mama. Uso wangu atausugua nani?”

Treni ikasimama. Msichana akavaa glavu zote mbili, akashuka. Mzee alikuwa ameshasimama kumpisha njia.