Mungu Alivyonirudisha Uwanjani kwa Mtama wa Mama Zuhura

Tak! Ndivyo goti langu lilivyolia, ndugu zangu, na mpaka leo nikifumba macho nausikia mlio ule. Sifa zote ni za Mungu aliye hai, maana mwenzenu leo nausimulia huku nacheka!

Kwa wasionifahamu, mimi ni binti wa hapa hapa Mkonze. Darasani sikuwa wa kujivunia, lakini Mungu alinipa urefu, akanipa na mpira wa kikapu. Mpira ndio ulionifanya nijulikane chuoni. Wenzangu walitajwa kwa masomo, mimi nilitajwa kwa kuruka. Nilikuwa nimeshajiona kabisa kwenye timu ya taifa, mama yangu ananitazama kwenye televisheni na kuwaita majirani. Ndoto zangu hazijawahi kuwa fupi!

Basi siku ile tulikuwa tunacheza na chuo kingine. Nikaruka kudaka mpira chini ya kikapu, nikatua vibaya. Tak! Hospitali wakaniambia kano ya ndani ya goti imekatika. Nilitibiwa, na namshukuru Mungu natembea, lakini daktari hakunificha: "Dada, kuruka kama zamani usahau." Nikamaliza chuo nikichechemea, nikarudi nyumbani nikiwa mtu mwingine.

Ndugu zangu, giza lile simwombei mtu! Nyumba yetu imepakana na kiwanja cha saruji cha shule ya msingi. Jioni mabinti wakianza kudunda mpira, mimi nafunga dirisha, na joto lote lile. Nilikuwa na ombi moja tu: "Bwana, nirudishie goti langu." Nilifunga, nikaombewa, goti likabaki vilevile. Nikaanza kuamini kwamba Mungu ameshamalizana na mimi.

Ukombozi wangu ulikuja wakati wa mavuno. Mnajua ilivyo kwetu, mtama ukishapigwa akina mama wanatafuta pa kuuanika, na hakuna pazuri kama saruji. Mama Zuhura, jirani yetu Mwislamu, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, akautandaza mtama wake karibu kiwanja chote. Ukabaki ukanda mwembamba pembeni. Mabinti wakafika na mpira wao, Zuhura mwenyewe akiwa mbele. Kelele zikaanza!

"Atakayekanyaga mtama wangu leo, ugali wake atakula kwao!" Mama Zuhura akawaka.

"Sasa mama, kwetu si ndiko kwako?" Zuhura akajibu. "Au tukacheze juu ya bati?"

Nikatoka kusuluhisha tu, wala sikuwa na mpango mwingine. Nikamwamkia shikamoo. Mama Zuhura akaitikia, akatazama goti langu, akanitazama usoni.

"Mwanangu, wewe si ndiwe mchezaji wa chuo? Hebu wafundishe hawa wapite hapo pembeni bila kunimwagia chakula. Au na mdomo nao umeumia?"

Mabinti wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka! Haleluya, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Nilikuwa nimelia goti, goti, goti, kumbe Mungu alikuwa ameniachia macho, sauti na yote niliyofundishwa chuoni. Alinijibu kwa kinywa cha mama wa dini nyingine. Mimi ni nani nimpangie?

Nikaanza palepale. "Inama! Usitazame mpira, tazama mbele! Dunda chini chini!" Sheria ilikuwa moja: mpira wako ukiingia kwenye mtama, unaugeuza mtama wote ukauke upande wa pili. Mwanzoni Mama Zuhura alikaa kivulini kama malkia. Baadaye akaanza kunilalamikia, "Mbona siku hizi hawakosei? Mgongo unaniuma mimi!"

Mtama ulipoanuliwa, tukaalikwa kucheza na timu moja ya mjini, mabinti wenye viatu vizuri na mazoezi ya miaka. Wazazi walishaanza kunung'unika kwamba mpira unawapotezea watoto muda. Tukiaibika, wangewazuia, na mimi ningerudi kule kwenye giza.

Wale wa mjini wakatubana pembeni kabisa mwa mstari, mahali ambapo wengi hupoteza mpira. Zuhura akainama. Akapita! Wa pili akapita! Kwa mabinti wangu pale palikuwa njia ya kila siku. Mama Zuhura akasimama katikati ya watu, akapaza sauti, "Huo ni mtama wangu! Mnauona mtama wangu?" Tukashinda!

Mwalimu mmoja wa sekondari akanifuata. "Kocha, unaweza kuja kufundisha na kwetu?" Nikageuka nyuma kutafuta kocha ni nani. Kumbe ni mimi! Leo nafundisha mabinti wa shule ile na hawa wa Mkonze, na ile timu ya taifa bado naiota, safari hii nikiwa nimesimama kando ya uwanja. Nitafika!

Wewe unayesoma hapa, pengine umeomba kitu kimoja mpaka sauti imekukauka. Mtumaini Mungu. Angalia alichokuachia mkononi, anza nacho hivyo hivyo. Namshukuru, namshukuru tena!

Jioni ya ushindi ule watu wote walipoondoka, nilibaki uwanjani peke yangu. Goti langu halikunjiki vizuri. Nikapiga goti moja, mguu wa pili nikaunyoosha pembeni juu ya saruji, nikasema asante.