Fundi wa Mabango Aliyenyimwa Kukaa Kimya

Wasifu ulioandikwa na kamati ya mazishi ulisema marehemu "alikuwa mchapakazi asiyejua kuchoka." Nimeukataa. Alijua kuchoka, tena sana. Huu nimeuandika mimi, dada yake, na asiyeupenda avumilie, kama marehemu alivyowavumilia ninyi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Tangu utotoni kelele zilimuumiza. Sufuria ikianguka jikoni, yeye alikuwa tayari chini ya meza, ameziba masikio.

Alianza shule mwaka 1978. Siku moja, katika somo la kuchora, alikaa tu akitazama dirishani, mwalimu akamchapa kwamba ni mvivu. Kabla kengele haijalia akachora baiskeli ya mwalimu, tairi la nyuma halina upepo. Mwalimu akatoka kwenda kuangalia, akaikuta hivyo hivyo. Kwa ile fimbo hakumwomba radhi.

Alijifunza uchoraji wa mabango, na mwaka 1994 akafungua karakana karibu na stendi ya mabasi. Aliegemeza ubao mtupu ukutani, akakaa mbele yake, mikono magotini, kimya. Akishaliona bango kichwani, aliinuka akaandika bila kufuta hata herufi. Watu waliona kule kukaa tu. Yupo mteja, na leo amevaa suti nzuri, aliyeagiza bango la "Haraka haraka haina baraka," kisha akaja mara tatu kumkaripia kwa kuchelewa.

Tarehe 14 Agosti 1999 alifunga ndoa na mshonaji wa chumba cha jirani, mtu pekee aliyemwelewa. Kila baada ya chakula cha mchana mume alijifungia chumba cha nyuma apumzishe kichwa, na mke akasimama mlangoni, mkasi mkononi.

"Fundi yupo?"

"Hayupo."

"Shemeji, si nimemwona dirishani, amekaa kwenye kigoda?"

"Umemwona, lakini hayupo."

Mwaka 2016 kaka yetu mkubwa aliung'oa mlango wa chumba kile. "Mtu mzima anajifungia mchana kweupe, wateja watasemaje?" Kigoda akakihamishia mbele, barabarani, ili marehemu aonekane yuko kazini. Kaka, usiinamishe kichwa, nasema uliyoyafanya mchana kweupe. Tangu hapo mdogo wetu hakupata tena saa yake ya kimya. Akaanza kufuta herufi. Honi ikipigwa, machozi yalimtoka, nanyi mkamcheka kwamba amekuwa mtoto wa mama.

Januari 2024 daktari alimkuta na presha kubwa, akamwagiza apumzike na asishike brashi. Mlisikia neno "apumzike" mkadhani ni salamu. Mlikuja kumjulia hali na matunda mkono mmoja, ubao mkono wa pili. "Maneno mawili tu, fundi." Kaka akamwekea ubao kitandani. "Utaandika umelala. Si ndiko kupumzika huko?" Naye hakuwahi kujua kusema hapana. Kiharusi kilimchukua Jumanne tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, rangi ikiwa mbichi vidoleni. Nina hasira, na sitaificha kwa sababu leo kuna maua.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka mmoja, na dada mmoja anayewasomea haya.

Ubao utakaosimama kichwani pake umekatwa kwenye mlango ule ule. Mjane aliuokota siku ulipong'olewa, akautunza uvunguni miaka yote hii. Tangu jana mnamuuliza mbona hauna maandishi, ataandika nani, utakwisha lini. Anawajibu: fundi anauangalia kwanza.

Apumzike kwa amani, na safari hii mwacheni.