Sjoukje Aliyeacha Sabuni

Mimi Baukje, mdogo wake, ndiye niliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu, na kama mlikuja kusikia sifa mmekosea msomaji.

Marehemu Sjoukje Terpstra alizaliwa hapa Harlingen tarehe 11 Februari 1952, akasoma hapa hapa hadi 1964, kisha akaenda Franeker kufundishwa kufua na kupiga pasi, na hayo tu ndiyo yaliyomkaa kichwani, kwani alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka arobaini na miwili.

Tarehe 6 Mei 1977 aliolewa na Wiebe, aliyefariki 2010, na hawakujaliwa watoto, ila mwaka 2014 marehemu alijinunulia familia dukani, vinyama vitatu vya Australia vyenye mfuko tumboni kama kangaruu, vidogo kama panya, mume, mke na mwana wao, na kila Jumamosi mtu mzima huyu aliwakata kucha kwa mkasi wa mtoto mchanga, akiwalambisha mtindi kidoleni ili watulie, huku akisema, "Haya baba, lete mguu mwingine," maneno matamu ambayo wanangu hawakuwahi kuyasikia kwake.

Juni 2016 aliona yule dume, Doeke, ana upara utosini unaonuka, jambo la kawaida kwa madume yao, lakini dobi ni dobi, akamwogesha kwa sabuni ya lavenda na kumrudisha tunduni ananukia, na kwa kuwa wao hutambuana kwa harufu, mkewe na mwanawe wakamwona mgeni, wakamng'ata hadi akafa. Alinisimulia kwa simu akilia, nami nikacheka.

Tangu hapo sweta ya kijani aliyowabebea kifuani haikuona maji, na kila Jumapili nilimwambia mbele za watu, "Dada, kaa kule, unanuka mkojo."

Machi mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 3 Novemba, na neno lake la mwisho kwangu lilihusu yule mwana, Jelle, aliyebaki peke yake baada ya mama yake naye kufa: "Sweta usiifue, mdogo wangu, hatakula."

Nilimlaza Jelle kwenye taulo langu safi, na siku mbili hakugusa chakula.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta supu ya njegere, na madobi wenzake. Nanyi wa benchi la mbele mnaoziba pua tangu nilipoingia, harufu hiyo si ya jeneza, ni ya sweta niliyovaa chini ya koti, naye Jelle yumo, asubuhi amekula kipande cha peasi, na kucha zake zinanichoma.

Pumzika kwa amani, Dada, Jumamosi nitamkata kucha mimi.