Marehemu Amekuja Kuangalia Labo Yake

Mheshimiwa Chef de quartier unayetuongozea mtaa, Padre wetu wa parokia, Papa Préfet Cubaka unayeongoza shule yetu, masista, wazazi wa Majengo na ninyi mliotoka mbali kule Munigi kwa miguu, wanafunzi wangu wa mwisho, na wewe, marehemu Profesa Orrin Teague, uliyeketi hapo mbele na Fanta mkononi: karibuni.

Kamati imenipa dakika kumi, mimi Clotilde Baharanyi, mwalimu wa kemia nitakayestaafu Julai, nisome maisha na kazi ya Profesa. Nitatumia karatasi ile ile tuliyosoma katika misa zake tisa, nikirekebisha tu pale alipokufa. Sista Élisabeth anamtafsiria, na namuomba asiruke kitu.

Profesa alizaliwa jimbo la Nebraska, huko Amerika, baba yake akiuza maziwa. Alisoma kemia, akaona haimtoshi. Akasoma fizikia, akaona haina harufu. Basi akakaa katikati ya hizo mbili, na wenzake wakamwita mwanafizikia wa kemia. Kwa miaka arobaini na mitano aliangalia jambo moja tu: chembe mbili za gesi zikigongana, nini kinatokea, na kwa muda gani. Ninyi mama mnaopanga mabido ya maji na kugongana kwenye bomba asubuhi, mnajua nini kinatokea, na hamkuhitaji chuo kikuu. Lakini yeye alipima kwa mwanga, akaandika, wakampa medali, na mimi ninayemcheka nimefundisha hesabu zake miaka ishirini na mbili. Ni hesabu nzuri, na nilizipenda.

Alipostaafu, aliomba vyombo vyake vya zamani vije kwetu badala ya kutupwa. Yakatufikia masanduku sita, picha yake, na kibati chenye jina lake na miaka ya kazi yake: 1968–2013. Sisi tulisoma nini? Tulisoma kaburi. Mutu wa miaka arobaini na mitano, na kwenye picha ana mvi kichwa kizima. Papa Préfet akatufafanulia kwamba kemia inazeesha. Nani kati yetu, walimu wenye diploma zetu, alijiuliza marehemu alituma vipi sanduku? Hakuna. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kulia.

Tukamwombea apumzike kwa amani. Baada ya miaka mitatu, tulipoona amepumzika vya kutosha, tukaanza kumuomba yeye atuombee kabla ya Examen d'État, mtihani wa taifa. Mwaka jana, kwa ajili ya misa ya kumi, Sista aliandikia chuo chake akitaka picha kubwa zaidi. Profesa akajibu mwenyewe, kwa adabu sana, kwamba picha anayo na kwamba goti tu ndilo linalomsumbua.

Mmecheka, na mimi nimecheka. Sasa niambieni wenzangu: masanduku sita yalienda wapi?

Yako hapa nyuma yangu, kwenye labo, chumba cha majaribio chenye jina la Profesa juu ya mlango na kufuli mbili. Vyombo vimepangwa kwenye kabati, vimefunikwa kitambaa cha altare, na kila Ijumaa mutu anapangusa vumbi. Kila mwaka nilimuomba Papa Préfet ufunguo. Kila mwaka alinijibu kwa upole: «Mama Clotilde, bitu bya marehemu habishikwe ovyo. Batoto batabivunja.» Wageni wakija, kufuli zinafunguliwa, wageni wanapiga picha, kufuli zinarudi. Inspekta alituandikia kwamba ndiyo labo safi kuliko zote alizoona, na alisema kweli, kwa sababu hakuna aliyeitumia.

Watoto wangu nao walijifunza kemia ya chaki. Nilichora burette ubaoni, ule mrija wa kioo wenye koki chini, nikachora tone linaanguka, nikaandika pembeni: hapa maji yanakuwa rose, rangi ya waridi. Mwaka huu Aurélie, finaliste wa darasa la mwisho, aliniuliza: «Mama, iyo rose ni ya namna gani? Ya kitenge ao ya ulimi?» Nikamwambia ya ulimi. Nilimudanganya. Mara ya mwisho kuiona nilikuwa mwanafunzi Bukavu, na nimesahau.

Prodige mnamkumbuka, asilimia themanini na moja kwenye mtihani. Alifika chuo kikuu, akapewa burette, akaishika kichwa chini, ukumbi mzima ukacheka. Hakurudi siku ya pili. Leo anaendesha pikipiki mjini Kiwanja, na ni kazi ya heshima, lakini siyo aliyoitaka. Mimi ndiye niliyemtuma kule na mikono mitupu, na nimeona haya miaka minne.

Jumatatu finalistes wana pratique, mtihani wa vitendo. Nimebaki na siku tano za kuwaandaa, na sitaki kwenda nyumbani bila kuona tone moja la kweli. Papa Préfet, umelinda urithi kwa uaminifu, hakuna anayebisha. Ila mwenye urithi amekaa karibu nawe, anapumua, na Fanta ameimaliza. Kwa nini tubishane mimi na wewe wakati tunaweza kumuuliza?

Sista, mwambie kila kitu, halafu umuulize.

Anasemaje? Anauliza katika miaka kumi vimevunjika vingapi. Mwambie: hata kimoja, vyote vizima kama vilivyofika.

Mmemuona. Ameshika kichwa. Anasema kwake, mwaka ambao hakuna kilichovunjika, alijua watu wake hawakufanya kazi.

Mheshimiwa Chef de quartier, wewe ni shahidi. Papa Préfet, funguo ziko mfuko wa kushoto, zinalia kila ukikaa. Aksanti, muzee, na hiyo nyingine pia. Nawashukuru nyote kwa subira mliyonipa. Aurélie na wenzako, vaeni blouse zenu nyeupe za labo, twendeni tukavunje kitu.