Mwalimu wa Gari Lisilo na Dereva

Wachungaji, ndugu na majirani, kwa niaba ya familia mimi Kahigi, mtoto wa kwanza, nawasomea maisha ya baba yetu, Josia Kyaruzi, na mniwie radhi nikitabasamu, kwa kuwa mzee huyu aliishi kwa furaha.

Alizaliwa Buganguzi, Muleba, tarehe 9 Mei 1951, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1965, akapata kipaimara mwaka 1967, na mwaka 1974 akaajiriwa na chama cha ushirika kuendesha lori la kahawa hadi Bukoba, kazi aliyoifanya miaka thelathini na saba kwa mwendo wa taratibu uliotutia aibu sisi watoto, maana msongamano wa sokoni aliuona kutoka mbali, akaachia pedali ya mafuta mapema, akafika bila kugusa breki. Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na mama yetu, Bernadeta, wakajaliwa watoto wanne, wakahamia Buhembe, mjini Bukoba.

Mwaka 2024 mdogo wangu Lilian, mhandisi, alileta mjini gari la umeme linalojiendesha, ambalo lilipaswa kuzunguka stendi, soko na Buhembe mara nane kwa chaji moja, la sivyo mradi ufungwe, lakini kati ya bodaboda lilikurupuka na kufunga breki ovyo, likaishiwa chaji na kuzima mzunguko wa sita. Lilian akamwita baba, naye akaliendesha wiki tatu huku mitambo ikinakili kila alivyokanyaga na kuachia, na tarehe 20 Septemba gari likamaliza lenyewe mizunguko yote, likabakiwa na chaji asilimia kumi na moja, naye taata, yaani baba yetu, akatamba mtaa mzima.

Januari 2025 kisukari kilimzidia, akalazwa hospitali ya mkoa, akafariki Jumatatu tarehe 10 Februari, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ushirika, majirani mliotuletea ndizi na kuni, na wahandisi, ambao wiki hii walikuwa wafute kosa moja wasilolielewa, yaani gari kupunguza mwendo kwenye barabara tupu mbele ya nyumba ya jirani yetu Mama Anatolia, mpaka jana yeye mwenyewe alipotueleza hapa msibani kwamba Josia alipunguza hapo kila alipopita na gari hilo, ili amsalimie mumewe mgonjwa anayeshinda barazani. Lilian alilia, akawaambia wenzake hilo lisiguswe, nao wakakubali.

Taata, tulikupenda sana, pumzika kwa amani.