Eunike Munisi na Breki za Tela la Maziwa

Bwana Yesu asifiwe. Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani na wafiwa wenzangu, mimi ni Hosea, mdogo wake marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu.

Eunike Elimringi Munisi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 hapa Masama, akasoma shule ya msingi hapa hapa kijijini hadi mwaka 1993, akapata kipaimara mwaka uliofuata, kisha akasomea umeme wa magari Moshi na kuhitimu mwaka 1998, msichana pekee darasani. Alianza kazi Holili kwenye malori ya mpakani, mwaka 2004 akafunga ndoa na shemeji yetu Jackson, Mungu akawajalia Doris na Godlove, na mwaka 2008 akafungua gereji yake Majengo, Moshi.

Watu walimfuata kwa ajili ya breki za umeme za matela. Mafundi wengi huanza kulaumu tela, yeye alianza na gari linalovuta, akichomoa plagi na kupima kama umeme unafika hapo, na hakumvumilia dereva wa kusema taa zinawaka basi twende, kwa sababu waya wa taa ukiwa mzima hausemi lolote juu ya waya wa breki.

Tarehe 13 Oktoba 2019, nikiwa dereva wa gari na tela la akina mama wa kijiji hiki, nikiteremsha maziwa yao kwenda mjini, breki za tela hazikushika kwenye mteremko wa mtoni, likanisukuma hadi migombani, nikavunjika mguu. Nilikuwa nimetoka kwenye sherehe ya ubatizo, pombe ya mbege ilikuwepo, sikuigusa, lakini hilo lilitosha watu kunishuku. Dada alikagua gari na tela gerejini kwake, akakuta kila kitu kizima, akasema alichokiona, nami nikanyang'anywa usukani na kuitwa mlevi, hata nyumbani.

Dada hakutulia. Alimjua mdogo wake, na alijua gereji yake iko tambarare. Aliomba gari na tela virudishwe mtoni, akaunganisha balbu kubwa ya taa ya mbele kwenye waya wa breki, Jackson akakanyaga, balbu ikawaka, lakini gari lilipoanza kuinama kwenye mteremko waya ulivutika nyuma ya plagi, ambako ulikuwa umekatika ndani ya mpira wake, na balbu ikazimika. Jumapili iliyofuata, kabla ya mnada wa sadaka, alisimama mbele ya usharika akasema kwamba amekosea yeye, kwamba alipima gari mahali lisipoteremka, na kwamba Hosea hakulewa. Wateja wengine walimhama. Mimi nilirudishiwa usukani.

Februari 2024 aligundulika kuwa na kansa. Kila nilipofikisha maziwa mjini nilipita wodini alikolazwa, naye hata kabla ya salamu aliniuliza kama breki imeshika, nami nikamjibu imeshika, dada. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake wa Majengo, na akina mama wa maziwa, mlioshusha matenki yenu mkaomba tela lenu ndilo limlete nyumbani. Asubuhi nilipima kama alivyonifundisha, nikaendesha mwenyewe, na pale mtoni nikakanyaga.

Dada, leo hukuniuliza. Imeshika. Pumzika sasa, kwa amani.