Aliyewapigia Wakubwa Kengele: Bi. Tryphena Mghoi Anastaafu

Baada ya kuiendesha ofisi ya Klabu ya Huduma ya Voi kwa miaka ishirini na mmoja, Bi. Tryphena Mghoi anastaafu tarehe 31 Desemba 1986. Wanachama wanaulizana ni nani atakayeiweza kazi yake. Sisi tuliofanya naye kazi tunaulizana jambo jingine: ni nani atakayethubutu?

Bi. Tryphena alizaliwa Bura, kwa wakulima wa mboga. Alisoma shule ya misheni, akaenda Mombasa kujifunza kupiga taipu, na mwaka 1965 akaajiriwa na klabu hii kuwa karani wake wa kwanza. Ofisi aliyokabidhiwa ilikuwa na meza moja, kabati lisilofungika, na taipu iliyokatika herufi ya M. Katika nchi hii ya akina Mwandawiro na Mwakio, hilo si pengo dogo. Kwa mwaka mzima alizijaza herufi hizo kwa kalamu, moja moja, na kila barua aliyoipeleka kwa mwenyekiti aliisindikiza kwa maneno yale yale: “Hii imeandikwa nusu na mashine na nusu na mimi. Mashine inapumzika usiku.” Taipu mpya ilinunuliwa.

Wasioijua klabu yetu wafahamu kwamba tangu mwanzo wanachama wake wamekuwa wafanyabiashara, maafisa wa reli, walimu wakuu na wenye mashamba. Kila Alhamisi mchana hukutana katika hoteli iliyo karibu na stesheni, wakala, wakamsikiliza mgeni aliyealikwa kuzungumza, kisha wakapanga kazi za kusaidia jamii: kisima huku, madawati kule, na kila mwaka kambi ya kutibu macho. Kazi ya karani ilikuwa kumtafuta mgeni, kuandika kumbukumbu za mkutano na kunyamaza. Hakuketi mezani. Aliketi kando ya mlango wa jikoni, na msaidizi wake, ambaye ndiye mwandishi wa maneno haya, aliketi nyuma yake.

Kati ya kazi zake hizo tatu, mbili za kwanza aliziweza vizuri sana.

Wageni wetu walikuwa wa kila namna. Afisa mmoja wa reli alitueleza habari za injini za mvuke kwa mapenzi makubwa, hata treni aliyokuwa asafiri nayo kwenda Mombasa ikapiga honi na kuondoka yeye akiwa bado anatueleza boila. Alhamisi iliyofuata Bi. Tryphena alikuja na kengele ya mkono, iliyokuwa ya shule, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mgeni atazungumza dakika ishirini tu, awe nani awe nani. Aliyekuja baadaye kutufundisha ufugaji wa nyuki hakuihitaji kengele hiyo. Alileta mzinga ndani ya gunia ili tuuone, gunia likafunguka, na nyuki wakaufunga mkutano wenyewe.

Lakini kazi iliyokuwa moyoni mwake ilikuwa kambi ya macho. Mama yake alipofuka akiwa bado na nguvu za kulima. Majirani walisema amerogwa, wengine wakasema ni uzee, na Tryphena ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka shambani ili angalau apapase majani ya maharage yake. Mama alifariki mwaka 1966. Mwaka uliofuata klabu ilifanya kambi ya kwanza. Tryphena akamwona daktari akimtoa mzee mmoja mtoto wa jicho, na asubuhi mzee akainuka na kuchagua fimbo yake mwenyewe kati ya fimbo za watu wengine. Tryphena alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia. Aliporudi ndani alisema, “Kumbe ilikuwa hivi tu.” Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia jambo lolote kuhusu kambi ile akaelewana naye, isipokuwa jambo lenyewe liwe ni kuiongeza.

Sasa tufike mwaka 1979, kwa kuwa kumuaga Bi. Tryphena bila kuutaja mwaka huo ni kumuaga mtu mwingine.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Alhamisi moja mgeni wetu alikuwa tajiri mmoja mwenye ranchi, aliyekuwa akiutaka ubunge. Hakuupata, na jina lake halina kazi hapa. Alikuja na watu wake, akala vizuri, akasimama. Alisifu klabu. Alisifu mchuzi. Kisha akasema atatujengea ukumbi wetu wenyewe hapa Voi, wa mawe na mabati. Yeye naye aliomba jambo dogo tu: kambi ya macho ya mwaka ule ifanywe kwenye ranchi yake, siku ya mkutano wake wa hadhara, na wagonjwa wachaguliwe na vijana wake. “Siwezi kuwafungua macho watu,” alisema akicheka, “halafu wayatumie kumwona mwingine.”

Wanachama wakapiga makofi. Mgeni akaendelea. Dakika ishirini zilipotimia, kengele ikalia.

Wakubwa wengi waliwahi kuzungumza pale, na kengele ilikuwa ikicheleweshwa kwa heshima. Siku hiyo haikucheleweshwa hata kidogo. Tajiri alinyamaza, akatazama huku na huku kama mtu aliyemwagiwa maji. Bi. Tryphena alikuwa amesimama.

“Mzee, muda umekwisha,” alisema. “Na kabla hujaketi, nikujibu. Kambi iko Voi mwezi huu, na watu wameshaambiwa. Wa Njukini wameambiwa, wa Ndara wameambiwa. Hawakuulizwa watampa nani kura, na hawataulizwa.”

“Huyu ni nani?” tajiri akauliza.

Mwenyekiti wetu wa wakati huo, Bw. Josephat Mwandawiro, alijibu haraka, “Ni karani tu, mheshimiwa.”

“Ndiyo, ni karani,” akasema Tryphena. “Karani ndiye anayewaita wagonjwa.”

Kabla ya jua kutua alikuwa amesimamishwa kazi. Alitakiwa kurudisha funguo za ofisi na za Land Rover, na ukumbi wa mjini tuliokuwa tumeahidiwa kwa ajili ya kambi ukafungiwa. Alirudisha funguo. Kengele aliondoka nayo, akisema hiyo ni mali yake.

Bw. Musyimi, dereva wa klabu, alimkuta posta siku ya pili akisubiri simu ya Mombasa. Daktari wetu wa macho, Dk. Ishaq Badawy, alikuwa ameshapigiwa na kuambiwa kambi imeahirishwa. Musyimi alisimama karibu na kibanda cha simu, ambako sauti ya daktari ilisikika mpaka nje, na mazungumzo yale ametusimulia mara nyingi hivi kwamba hata sisi tumeyahifadhi.

“Bi. Tryphena, mimi nimeambiwa nisije,” daktari alisema. “Sasa nieleze, anayeniita ni klabu au ni wewe?”

“Wanaokuita ni wasioona, daktari. Mimi nimewashikia simu.”

Daktari akauliza, “Mahali papo?”

“Patakuwapo.”

“Basi nitakuja na dawa zangu. Nitafutie meza madhubuti na maji ya moto.”

Mahali hapakuwapo bado. Tryphena alipanda mlima mpaka Bura, akaenda kwa Mwalimu Mable, mkuu wa shule ya msingi pale kwao. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Mwalimu Mable alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba yeye pia ana mwajiri, na mwajiri huyo anaweza kumhamisha kesho yake. Kisha akaenda kuchukua funguo za madarasa. “Wakinihamisha,” alisema, “wanihamishe popote, mradi pana shule.”

Shida iliyobaki ilikuwa watu. Wa upande wa Njukini walikuwa wameshapanda treni ya Taveta, wakijua watashukia Voi. Tryphena aliisubiri treni katika stesheni ya Bura. Ilipoingia, alipita dirisha kwa dirisha akitikisa kengele yake na kuita kwa sauti, “Wa macho, shukeni hapa! Wa macho, hapa!” Wakashuka wakiwa wameshikana mikono, kina mama, wazee, mmoja amebeba kuku wa kumpa daktari. Wa kutoka Voi na Ndara waliletwa na Musyimi kwa lori la ndugu yake, kwa kuwa Land Rover ya klabu ilikuwa imelala salama chini ya kivuli.

Vijana wa tajiri walifika siku ya kwanza. Walisimama langoni na kusema mkusanyiko huu hauna kibali. Tryphena aliwatolea kibali cha kambi, cha wilaya nzima, kilichoombwa kwa jina lake tangu mwanzo wa mwaka, kisha akawauliza kama kati yao kuna mwenye mama asiyeona. Akawaambia lango liko wazi kwa kila mtu, ila wanaoingia wasaidie kuteka maji. Wawili waliingia, wakakamata ndoo. Wengine wakarudi walikotoka.

Siku ya pili alikuja Bw. Mwandawiro, peke yake, gari lake limejaa unga na blanketi. Hakuomba radhi. Alisimama mlangoni mwa darasa lililogeuzwa chumba cha upasuaji, kofia mkononi, akiwatazama watu waliokuwa wamelala kwenye mikeka wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Bi. Tryphena alimpita mara mbili akiwa na haraka zake. Mara ya tatu akasimama.

“Mwenyekiti, umekuja kutazama au kufanya kazi?”

“Kufanya kazi.”

“Chukua beseni hilo.”

Akalichukua. Baada yake wakaja wanachama wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akidai alikuwa anapita tu njia ile.

Klabu ilipomtaka arudi ofisini, Bi. Tryphena alitoa sharti moja: kwamba kuanzia siku hiyo wafanyakazi wataketi mezani pamoja na wanachama na kula chakula kile kile. Likakubaliwa. Na mgeni wa kwanza aliyemwalika baada ya kurudi alikuwa Bi. Mwanaesha, bibi wa hapa hapa Voi aliyefanyiwa upasuaji Bura. Wengine walinong’ona kwamba bibi huyo hana cheo cha kuzungumza mbele ya klabu. Bi. Mwanaesha alijifunika buibui lake vizuri, akasema: “Wanangu, mimi sina mengi. Nilipoacha kuona, binti yangu alikuwa msichana. Juzi nimefunguliwa kitambaa, nimemwona ana mvi. Nikamwambia, mwanangu, pole, umezeeka nami sikuwapo. Basi. Mungu awalipe.” Akaketi. Mwenyekiti alikuwa akifuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

Ukumbi wa mawe na mabati haukujengwa. Wanachama wachache waliokuwa marafiki wa tajiri walihama na kutuacha, na kuna miradi iliyokwama kwa sababu hiyo. Mpaka leo tunakutana katika hoteli ya karibu na stesheni, na treni ikipita mgeni hulazimika kunyamaza. Tunayasema haya bila aibu na bila majuto. Kambi ya macho haijakosa kufanywa hata mwaka mmoja, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuulizwa kadi ya chama wala jina la mbunge wake.

Tulipomwuliza Bi. Tryphena anakwenda kupumzikia wapi, alishangaa. Amekwisha kujiandikisha katika kamati ya maji ya kwao Bura, na tumesikia kwamba mwenyekiti wa kamati hiyo ameanza kufika mapema. “Nimestaafu kazi,” alituambia. “Mdomo bado.”

Bi. Tryphena, asante kwa kutuita kwa majina yetu hata tulipokuwa hatustahili. Asante kwa kutukaripia na kisha kutupikia chai. Nenda ukalime maharage yako ukiwa na afya, uyaone yakichanua, na atakayejaribu kukunyamazisha huko mlimani, Mungu amsaidie yeye.

Peris Maundu
Karani Msaidizi, kwa niaba ya wafanyakazi